Kiboko na Ngazi ya Bwawa

Zama wanyama walipokuwa na bibi afya wao, Kiboko aliweka uani bwawa la plastiki lenye ukuta mrefu na ngazi ya kupandia. Bibi afya Kanga akaja kulikagua, vifaranga wakimfuata nyuma.

"Kibali hupati, Mzee Kiboko. Zungushia uzio, na ngazi uiondoe ukimaliza kuoga."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mimi nifundishwe maji? Nimezaliwa mtoni! Na ukuta wote huo, nani ataupanda?"

"Mwanangu!" Kanga akapiga yowe.

Kifaranga mmoja alikuwa ameruka kidato kwa kidato hadi juu. Akateleza, chubwi! Kiboko akazamisha kichwa, akamwibua juu ya pua, mzima, anatetemeka.

Kisha akaing'oa ngazi mwenyewe, akauliza kwa upole, "Huo uzio, mama, niuanzie wapi?"