Jicho na Jani la Mama Mkwe

Mtaalamu wa mimea alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza ya katibu muhtasi, mkasi mkononi, akiomba wenzake wachelewe kwenye chai.

Miaka thelathini katika hifadhi ile ya mimea mikavu hajawahi kuiba hata uzi. Lakini asubuhi hiyo msichana wa maabara, mwanafunzi wake wa zamani, alimletea karatasi iliyomkata maini.

"Mwalimu, vinasaba vinasema ile tangawizi-mwitu yako yenye manyoya na ile ya kawaida ni spishi moja. Manyoya yanaletwa na kivuli tu. Jina uliloipa inabidi lifutwe."

"Vinasaba!" Alicheka kwa dharau. "Binti yangu, mimi siitwi Jicho bure. Nikilitazama jani mara moja, najua ukoo wake mpaka babu wa babu. Hiyo mashine yako imeshawahi hata kuliona pori?"

"Haijaliona, Mwalimu. Lakini haidanganywi na manyoya."

Jina lenyewe lilikuwa la mama mkwe wake. Zamani, alipokwenda kuposa, mama huyo alimwita mchuma magugu na kumwonyesha mlango. Akarudi na jarida la wataalamu: mmea mpya duniani, na umepewa jina la mama. Siku hiyo hiyo akakubaliwa. Tangu hapo mama mkwe hajui kumsalimia mtu bila kuutaja mmea wake.

Na habari zilikuwa zimeshamfikia. "Mkwe," alimwambia kwenye simu, "wakinifuta huko, mimi na binti yangu tunafunga mizigo. Majibu ya mwisho nakuja kuyasikia kwa masikio yangu."

Ndiyo maana Jicho akadai kipimo kirudiwe, kwa sampuli atakayoiandaa yeye mwenyewe. Alihitaji mmea wa jenasi ile ile, ila spishi nyingine. Na ulikuwepo, ndani ya chungu cha katibu muhtasi, mbali na dirisha, ukimeremeta.

Aliukagua kwa mazoea yake. Mishipa imenyooka, kila jani pacha wa mwenzake. Hakuna doa, hakuna tundu la mdudu. Alimkumbuka katibu muhtasi akiupangusa kila Jumatatu kwa kitambaa chenye sabuni, akamsifu moyoni: miaka sita haujadondosha hata jani moja! Akanusa. Haunuki kitu.

"Binamu wa kivulini," akahukumu. "Hakuna shaka."

Akakata jani. Likaleta ubishi kidogo, akaona hiyo ni dalili ya afya. Akalikatakata kwa vidole vinavyotoka jasho, akajaza kichupa, akakiandika jina la mama mkwe.

Ijumaa mama mkwe alifika amevaa nguo aliyovaa mara moja tu, harusini kwa binti yake, kifuani amekumbatia fremu yenye picha ya mmea wake. Akakaa kama hakimu. Msichana wa maabara akaingia na karatasi, uso umemshuka.

"Mwalimu, ulikuwa sahihi. Sampuli yako si sawa na tangawizi-mwitu ya kawaida. Hata kidogo."

"Umeona!" Jicho aliruka. "Mama, jina limesimama!"

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka kioo cha fremu kikatikisika.

"Ngojeni kwanza," msichana alisema. "Nimerudia mara tatu. Humo hamna hata chembe ya mmea. Vinasaba vilivyomo ni vya mtu."

"Mtu?" Mama mkwe alikata vigelegele. "Mtu gani?"

"Mwanamume, mama. Maabara tunatunza vinasaba vya wafanyakazi wote, tujue nani katuchafulia sampuli. Nimelinganisha." Akaikunja karatasi. "Ni Mwalimu."

Mama mkwe alimgeukia mkwewe taratibu, akamtazama kuanzia viatu hadi upara.

"Yaani miaka yote hii ninayojisifu kwa majirani, mmea wangu ni wewe?"

Jicho alifungua mdomo ili alitetee jicho lake, lakini sauti ya katibu muhtasi ilimtangulia kutoka kwenye korido: "Jamani, ni nani huyu mwenye njaa, kanikatia ua langu la plastiki?"