Ukungu Uwanjani

Ukungu ulipoufunika uwanja, Mzee Chiriku, mtangazaji kipenzi cha wasikilizaji, hakunyamaza. Maisha yake yote redioni hakuwahi kuwaacha watu gizani. Akaanza kuubuni mpira asiouona.

"Namba tisa anaruka… anaanguka! Hainuki, ndugu msikilizaji, hainuki!"

Fundi mitambo akamnong'oneza huku akicheka, "Mzee, leo umetia chumvi gunia zima."

Upepo ukaupasua ukungu. Namba tisa alikuwa amelala chali, kiatu kimoja kimemvuka, wenzake wamemzunguka, mikono vichwani.

Kicheko kikamkauka fundi.

Mzee akakikumbatia kipaza sauti kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Anapumua," akasema. "Sasa anainua mkono, ndugu msikilizaji. Anauinua…"

Uwanja mzima ukapiga kelele.

Hakuthubutu kufumbua macho.