Shati la Arobaini

Wifi yangu Mwavita alikuja kuchukua shati la marehemu mume wangu. Ilikuwa arobaini, siku ya kufua nguo zake na kuzigawa.

"Ngoja, wifi. Bado sijalinusa."

Tangu mazishi mafua yalikuwa yameziba pua yangu, na mashavu yaliniuma hadi kwenye meno.

"Muganga wa dispansari alikupa nini?"

"Maji ya vuguvugu yenye chumvi."

"Basi vuta! Sabuni iko inatungojea."

Nikainamia bakuli la maji hayo, nikayavuta puani, nikapenga kwa nguvu. Kitu kikaachia nyuma ya jicho.

Nikafunika uso kwa kola: tumbaku, na jasho la mashamba ya pamba ya Bula Matari, serikali ya wakoloni.

"Ananuka?" Mwavita akauliza.

"Ananuka sana!"

Tukacheka. Nikampa shati.