Mkono Ndani ya Kompyuta

Mkono wa kulia wa kaka yake ulikuwa ndani ya kompyuta, na Baiti alipanda nayo ngazi za ukumbi wa majaribio ya bendi akiwa ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Mmechelewa," alisema mama jaji bila kuinua uso.

Fundi wa sauti alichungulia kidirisha cha kinanda cha umeme. "Kwa saa ya kinanda hiki, mama, wamewahi mno."

Waliokuwa wakingoja zamu walicheka. Mama jaji hakucheka.

Kaka alisogea mbele. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa begani kwa pini. "Shikamoo, mama. Kushoto nitapiga mwenyewe. Kulia atanipigia mdogo wangu kwa kompyuta, lakini nota ni zangu. Nilizipiga kabla mashine ya kiwandani haijanifanya hivi. Amezitoa kwenye kanda zangu za zamani, moja baada ya nyingine."

"Marahaba. Mimi sina neno, mradi nisikie muziki. Wimbo ni ule ule kwa wote, na bendi ina nafasi moja."

"Mkono mmoja?" alinong'ona kijana wa koti jeupe, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata. "Basi mimi nitapiga kwa pua." Jasho lilikuwa likimtiririka, mzaha wenyewe ulikuwa wa kujipa moyo.

Kaka alimwinamia Baiti. "Wakinikataa leo, kinanda sikigusi tena mpaka naingia kaburini. Nimechoka kuhurumiwa."

"Kaa upige, kaka. Kazi yangu haina doa."

Aliamini hivyo. Programu aliiandika kwa lugha ya C, mstari kwa mstari, bila mwalimu. Kila nota aliifunga katika pakiti yake: amri mbele, sifuri za kujazia nyuma mpaka baiti, zile chembe za data, zikae nne nne, namba zikitanguliza baiti kubwa kama mtandao unavyotaka. Na kila pakiti aliigonga muhuri wa saa: usilie kabla ya wakati huu. Fahari yake yote ilikuwa kwenye muhuri huo. Wenzake hutuma nota mbio mbio, mtandao ukisuasua mdundo unachechemea. Zake zingetangulia zote, zingoje kwa adabu ndani ya kinanda, na kila moja ilie kwa zamu yake. Nyumbani zilimliza mama yao.

Fundi alichomeka kebo. Kaka aliitikia kwa kichwa. Baiti akabonyeza, na wimbo mzima ukaondoka kwa mpigo.

Mkono wa kushoto ulianza, besi nzito, ya uhakika.

Kulia, kimya.

Kaka aliendelea. Aliacha nafasi pale mwenzake alipotakiwa kuingia, kama mtu anayezungumza na mgonjwa asiyejibu. Baiti aliitazama taa ya kebo. Ilikuwa inapepesa, pakiti zimekwenda. Akafungua programu, macho yakakimbia juu ya mistari. Sifuri zipo. Mpangilio wa baiti, sawa. Anwani ya kinanda, sawa. Akaanza tena kutoka juu. Sawa, sawa, sawa! Ujumbe wa namna hii haurudishi jibu. Ukishautuma, umetupa jiwe kwenye kisima usichokijua kina chake.

"Baiti!" Kaka alinong'ona huku anapiga. "Baiti, mkono wangu uko wapi?"

Baiti alizidi kupekua mistari. Wimbo ulifika mwisho wake ukiwa nguzo tupu, nyumba isiyo na paa.

"Mama, niruhusu nitume tena," Baiti alisema. "Mara moja tu."

"Asanteni. Anayefuata."

"Mama, nakupigia magoti..."

"Inuka, mwanangu. Niliomba muziki, sikuomba magoti."

Fundi alichomoa kebo, akamkabidhi bila kumtazama usoni.

Kwenye mlango wa pembeni kaka aliegemeza paji la uso ukutani. Hakufoka. Baiti alitamani afoke.

"Nitukane, kaka. Nipige hata kofi."

"Nikupigie nini? Umenizika vizuri, mdogo wangu. Twende nyumbani."

Lakini miguu ya Baiti ilikataa. Pale mlangoni aliona kile ambacho majaji hawakuweza kukiona, kwa kuwa kinanda kiliwapa mgongo: mikono ya anayepiga. Kijana wa koti jeupe alikuwa ameketi. Wa kushoto aliuweka kwenye besi. Jasho likamwingia machoni. Wa kulia akautia mfukoni kutafuta kitambaa. Kwa woga, vidole vya kushoto vikateleza, vikabonyeza.

Hapo nota ya kwanza ikapaa.

Ilikuwa ya juu, safi, ina ule mtetemo mdogo mwishoni ambao mtu mmoja tu duniani alikuwa nao. Ikaja ya pili. Zikamwagika zote, moja ikimshika mwenzake mkia.

Kaka alitoa paji lake ukutani. Baiti akakumbuka mzaha wa fundi: saa ya kinanda ilikuwa nyuma, na nota zilikuwa zimengoja humo mpaka wakati wa muhuri ufike.

Kijana wa koti jeupe alishtuka, akatazama mbele, akatazama nyuma. Kisha mkono wake wa kushoto, ambao haukuwa mjinga, ukaanza kuzifuata.

Mama jaji alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. "Mwandikeni huyo," alisema. "Waliobaki waende zao. Tangu nizaliwe sijasikia mkono wa kulia kama ule."

Mkono wa kulia wa kijana ulikuwa bado mfukoni, umekamata kitambaa.