Doa Jekundu la Wodi ya Tatu

Doa la tatu lilionekana Alhamisi, baada ya chakula cha mchana: jekundu, la mviringo, katikati ya paji la uso la Bibi Bok-im.

Muuguzi Seon-ju aliinama kulichunguza. Yeye ndiye aliyesimamia uzuiaji wa maambukizi katika hospitali ile ya tiba ya asili mjini Jecheon. Jumatatu alikuwa Bibi Pil-sun, Jumatano Bibi Chun-ja, na sasa huyu. Wodi moja, doa lile lile, mahali pale pale.

"Linawasha, bibi?"

"Haliwashi, mwanangu. Linauma kidogo tu." Bibi Bok-im akageukia dirishani. "Uzee huo."

Seon-ju alichemsha upya vikombe vya kuumikia. Sindano alizipeleka maabara, zikarudi safi. Akabandika masharti mapya ukutani: usile bakuli la mwenzako, usikae kitanda cha mwenzako. Yalikuwa makali, lakini si kama yale ya msimu wa mafua, alipowanyang'anya hata karata zao za maua, wakamnunia wiki nzima.

Mkurugenzi, Daktari Ma, akamwita.

"Kesho saa kumi jioni kama hujajua chanzo, nafunga wodi. Na wewe katafute kazi pengine."

Basi akawahamishia wote wanne wa wodi ile kwenye chumba cha kutengwa. Mlango ukafungwa, mtu haingii bila kubisha.

Asubuhi yake madoa yalikuwa mawili mawili.

Aliyebaki salama ni mmoja tu, Bibi Geum-rye wa kitanda cha nne, mwenye miaka themanini na tatu. Paji lake liling'aa kama bakuli la shaba.

"Bibi, wewe unakula nini kwani?"

"Kimchi kama wao." Akasuguasugua vidole vyake. "Bahati yangu tu, mwanangu."

"Mwondoe huyo humu!" Bibi Pil-sun akapiga kelele. "Tunakuomba!"

Seon-ju machozi yalimlenga. Masikini, wanaogopa kumwambukiza mwenzao.

"Usiogope, bibi, hutaambukizwa."

"Mimi?" Bibi Geum-rye akacheka. "Thubutu!"

Saa tisa Daktari Ma akaingia mwenyewe kuwapima, kavaa joho, glavu na miwani ya kujikinga. Seon-ju akasubiri nje, macho kwenye saa. Saa kumi ikafika, hajatoka. Ikapita. Mara akasikia *pa!* na sauti ya mwanamume ikiguna kwa maumivu.

Yamempata na yeye! Seon-ju akausukuma mlango bila kubisha.

Daktari Ma alikuwa amekunja miguu juu ya kitanda cha nne, glavu kavua, miwani kaipandisha kichwani, karata za maua zimetandazwa kwenye blanketi mbele yake. Doa lilikuwa linaanza kuiva katikati ya paji lake, na Bibi Geum-rye alikuwa amekwisha kunja kidole tena.

"Umeshindwa mara mbili, Daktari," alisema. "Tulia basi, bado konzi moja."