Kikohozi cha Marehemu

Sekibo alimkuta Nasra, mjane wa mtani wake, jikoni akirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu.

"Ndugu zangu wa podikasti ya ufundi wa kuchekesha, asanteni. Tangu mume wangu afariki, ni ninyi tu mlionichekesha."

Ninyi tu! Sekibo akaona wivu. Siku ya mazishi nani alivaa koti la marehemu, kama utani unavyodai, akamwigiza mbele ya waombolezaji mpaka mjane huyuhuyu akaangua kicheko? Koti alipewa kwa kazi hiyo, na hata sasa alikuwa amelivaa.

"Na mimi je, shemeji?"

"Wewe ilikupasa, ndiyo mila ya watani," Nasra alisema bila kugeuka. "Hawa ni mafundi. Wanasema mchekeshaji hodari hunyamaza kidogo kabla ya kichekesho chenyewe."

"Mimi nilinyamaza!"

"Ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unalia."

Sekibo alitoka nje, akafunga vifungo vya koti mpaka juu. Leo angemwonyesha fundi ni nani. Akanyamaza kidogo, kama hao mafundi wanavyotaka. Kisha akakohoa kile kikohozi kizito ambacho marehemu alikuwa akikohoa mlangoni kila jioni, akitaka chai.

Akasubiri kicheko. Hakikuja.

Akachungulia ndani. Nasra alikuwa ameshashika kikombe kikubwa cha bati cha mumewe, anamimina chai. Kilikuwa kimejaa, naye bado anamimina, na simu mezani ilikuwa ingali inarekodi.