Kamera Iliyomfumbia Mama

Siku hizi kamera za chuo zinafungwa macho ya marehemu badala ya lenzi, na somo la kwanza la upigaji picha ni kuyafuta tongotongo. Nakunda, mjane wa miezi minne, alilifuta jicho la kamera yake kila asubuhi kwa ncha ya kidole, huku akikunja pua, maana liliteleza kama konokono.

Nyumbani lilipiga picha kila kitu: ndoo, kuku, jirani akifua. Ila kila alipolielekeza kwa mama yake, lilijifumba.

“Uchafu mtupu! Tena bovu!” akafoka.

Mama alikuwa amegeukia ukutani, khanga usoni.

“Si bovu, mwanangu. Hizo ni adabu za mkwe. Mumeo hakuwahi kunitazama usoni hata siku moja.”

Nakunda akaangalia kidole chake. Tongotongo la asubuhi lilikuwa bado limeganda chini ya ukucha.